Mashavu ya Haika

Kidia, Old Moshi
9 Machi 1997

Kwako binti yangu Elinipendo,

Salamu zikukute huko Nachingwea jikoni kwako, mwiko ukiwa mkononi. Mimi baba yako Aminieli Njau naandika mwenyewe kwa mkono wangu, sikumpa mtu, ingawa wako hapa waliomaliza darasa la saba na hawawezi kunyoosha mstari. Mimi madarasa mawili ya misheni yalinitosha. Goti la kulia linanisumbua kidogo, ila usimwambie mtu. Mvua hakuna. Migomba imekunja majani kama watu wanaosikia baridi, kahawa ilitoa maua ikayamwaga yote chini. Jumapili mchungaji alituombea mvua, nikamwambia baada ya ibada kwamba aombe kwa sauti, Mungu yuko juu kuliko Kibo.

Sasa neno lenyewe. Umeuliza mwanao Haika anaendeleaje tangu mama yako alipotutoka, na umeandika eti kama nimechoka utamtafutia njia aje kwako. Nani kakuambia nimechoka? Mtoto wa kina Njau hakui kwenye vyumba vya wapishi. Siku ya mazishi nilisema mbele ya watu kwamba huyu nitamlea mimi, na neno langu silimezi. Ameanza darasa la kwanza, viatu anavyo. Anakula mtori, anakula kiburu cha ndizi na maharage, maziwa anakunywa mpaka anasaza.

Mama Calvin, huyo mke wa mdogo wangu Eliufoo, alisimama upande wao wa ua wa masale unaogawa viwanja vyetu akaniuliza kama mtoto aende kula kwake mchana pamoja na wajukuu zake. Nikamjibu, "Shemeji, Krismasi ile mlipochinja, kidari changu mimi mkubwa wenu mkampa mkwe wenu. Leo ndiyo mmekumbuka kwamba nyumba hii ina matumbo?" Akaondoka. Toka Krismasi ile sijauvuka ua wao na sitauvuka.

Basi usiwe na hofu. Wewe nilikulea hapa hapa, na ulikuwa unawashinda wavulana kwa mbio.

Wino unaisha, siyo maneno.
Baba yako,
Aminieli Njau

*

Nachingwea
6 Aprili 1997

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo na kwa goti pia, sitamwambia mtu. Mimi mzima, ila vumbi la huku linakaa mpaka ndani ya meno. Tunapikia wanafunzi mia nne na kumi, masufuria yenyewe ningeweza kuoga ndani yake. Nesi wa shule hupita jikoni kila Jumatatu kuangalia tunachopika, na nimekuwa rafiki yake, ananifundisha mengi. Wapishi tunalala wanne chumba kimoja na mtoto haruhusiwi kabisa, ndiyo maana sikubishana nawe siku ile ya mazishi. Mpaka leo bado najiuliza kama nilifanya vizuri.

Baba, nimefurahi kusikia Haika anakula. Nina swali moja, na naomba usilikasirikie. Uliponilea mimi, jikoni alikuwa mama. Sijakuona hata siku moja ukiinama kwenye mafiga, na mama alikuwa akisema ukiingia jikoni moto unazimika wenyewe. Huo mtori anaupika nani?

Na shuleni kwao bado kuna uji wa saa nne? Zamani sisi tulikuwa tunapewa.

Kuhusu Mama Calvin, kidari ni nyama tu, baba. Ila sisemi zaidi, wewe ndiye mkubwa.

Mwambie Haika nimeota ameng'oka jino la mbele. Uniandikie kama ni kweli.

Ni mimi mwanao,
Elinipendo

*

Kidia
18 Mei 1997

Binti yangu Elinipendo,

Pokea salamu za hapa nyumbani, za mlimani, na za ng'ombe. Mimi ni yule yule. Juzi nilipanda mpaka shamba la juu na panga begani, vijana wakanisifia, "Meku Aminieli, mzee wetu, wewe umeumbwa kwa chuma." Kahawa mwaka huu wananunua watu wa makampuni, wanakuja na magari na mizani yao. Mimi nimewaambia mizani yao imelewa.

Jino ni kweli limeng'oka. Umeota vizuri.

Ulichouliza juu ya uji nakujibu. Mwalimu wake, Mwalimu Rogath, kijana asiye na ndevu, alinifuata mpaka hapa. Akasema, "Mzee, serikali haileti tena chakula, kwa hiyo kila mzazi anatoa debe la mahindi na mzigo wa kuni ili watoto wapate uji."

Nikamwambia, "Mwalimu, kwenye kihamba changu, shamba la baba zangu, mahindi ni ya kuku."

Akasema, "Mzee, wenzake wakinywa uji, Haika anakaa nyuma ya darasa peke yake. Halafu analala kwenye dawati."

Nikamwambia, "Analala kwa sababu unafundisha polepole."

Walicheka watu waliokuwepo, mpaka yeye mwenyewe akacheka. Mjukuu wangu hatapanga foleni na kikombe kama mkimbizi. Uji wa mahindi ni wa watu wa tambarare. Sisi ni watu wa ndizi.

Wala haendi shule na tumbo tupu, usidhani. Asubuhi namchotea kata ndogo ya mbege. Usishtuke. Mbege ni ndizi na ulezi, ni chakula hicho, mimi nilikua nacho. Nilibeba gunia la kahawa kutoka hapa mpaka Moshi mjini nikalitua mara moja tu, pale Rau, tena ni kwa sababu nilikutana na mtu wa kumsalimia. Anainywa yote, anafuta mdomo, anaenda.

Mengine yote ni mazuri.
Aminieli Njau, baba yako

*

Nachingwea
29 Juni 1997

Baba,

Shikamoo. Salamu zako za ng'ombe nimezipokea nikacheka peke yangu jikoni. Afya yangu ni njema. Korosho zimeanza kuchanua.

Nimeisoma barua yako nikiwa na nesi. Baba, nakuomba kwa magoti, usimpe Haika mbege asubuhi. Ana miaka saba. Hata iwe kata ndogo, analewa, na ndiyo maana analala. Nesi anasema pia inamwondolea njaa ambayo ingemfanya adai chakula. Najua wewe ulikua nayo. Lakini wewe mbege ilikuwa juu ya maziwa, na maharage, na nyama ya babu. Haikuwa peke yake.

Hukuniambia anayepika ni nani. Labda ulisahau.

Mwalimu wetu mmoja anakuja likizo kwao Majengo ya Moshi, nimempa mfuko akufikishie kwa mkono wa mtu wa usharika. Kuna karanga, na kuna dagaa wa Lindi waliokaushwa vizuri, hawana mchanga. Dagaa unawatwanga mpaka wawe unga, unatia kijiko kwenye ndizi zake kila siku. Nesi anasema mtoto anayekula ndizi tupu anajaa tumbo lakini mwili haujengeki, anahitaji kitu cha kujenga: samaki, maharage, maziwa, yai. Mimi hapa nawapakulia watoto wa watu maharage kila siku, wengine wanayamwaga. Nikiona wanamwaga nageuka nikatazame ukuta.

Nakutegemea, baba.
Elinipendo

*

Kidia
14 Septemba 1997

Kwa Elinipendo binti yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Ukame bado, majani ya ng'ombe wanawake wanayafuata mpaka tambarare huko, wanarudi jioni na mizigo kichwani. Mimi sina wa kumtuma. Lakini tunaishi. Kaka yako wa Arusha hajaandika, ukimwandikia mwambie baba yake hajafa.

Mfuko wako umefika. Karanga Haika alizimaliza kwa siku mbili. Huyo mtoto ana tamaa, sijui kaitoa wapi. Nilimkuta nyuma ya nyumba analamba ile karatasi uliyofungia, nikamwambia, "We Haika, umekuwa mbuzi?" Akacheka, mimi nikacheka.

Dagaa nimewafungua. Mwanangu, umekaa huko ukasahau ulikotoka. Lini umeona baba yako anakula kitu chenye macho mengi hivyo? Wazee wetu samaki walimwita nyoka wa majini, na mtoto wangu hatamla nyoka hata akiwa mdogo kama sindano. Nimewapa kuku. Na lazima niseme ukweli, kuku wamependeza! Wanataga kila siku, mayai makubwa, kiini chekundu. Mayai namwekea mwinjilisti Primus anapopita Alhamisi, na yeye anasema hajaona mayai kama ya nyumba hii Old Moshi nzima.

Mbege nimepunguza. Siyo kwa sababu ya nesi wako, ni kwa sababu ulezi umeadimika.

Ng'ombe anapumzika kukamuliwa.

Salamu kutoka kwa Haika, amesema niandike kwamba anajua kuandika jina lake.
Baba yako,
Aminieli Njau

*

Nachingwea
12 Oktoba 1997

Baba yangu,

Shikamoo. Huku wote wazima. Sina habari nyingi za familia leo, nisamehe.

Ile karatasi aliyolamba imenikaa kichwani. Nikifunga macho naiona.

Baba, mayai ya Alhamisi. Mwinjilisti Primus ana mke na ana kuku wake. Naomba yai moja tu kwa siku liwe la Haika. Na ng'ombe anapumzika toka lini? Machi hukusema anapumzika.

Nakuomba kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kukuomba. Mwache mtoto apite kwenye ua, aende kwa Mama Calvin mchana. Usiende wewe. Aende yeye tu, ni njia ya hatua kumi. Mtoto hana ugomvi wa kidari.

Likizo yangu ni Desemba. Nakuja. Nitambeba mgongoni mpaka huku kama itabidi, tutajua pa kulala.

Nibusie jina lake alipoliandika.
Elinipendo

*

Kidia
30 Novemba 1997

Binti yangu mpendwa Elinipendo,

Furaha iwe kwako! Uliombea nini huko? Mvua imekuja, na siyo mvua ya kawaida. Tangu Oktoba inanyesha kama mtu aliyesahau kufunga bomba. Barabara ya chini imekatika, daraja dogo limekwenda na maji, migomba ya mtoni kwa Eliufoo imelala chini. Ya kwangu imesimama, kwa kuwa niliipanda mimi. Redioni wanasema ni mvua ya dunia nzima, ina jina lake la Kizungu.

Barua yako ya Oktoba nimeipata. Juu ya ua sikujibu, unajua jibu langu.

Ila nina habari ya kukufurahisha, na ndiyo maana nimechukua kalamu leo mvua ikinyesha. Mlikuwa mnasema mtoto hali. Mwalimu anasema, wewe unasema, nesi ambaye hata hajawahi kuuona mlima anasema. Sasa sikilizeni. Haika amenenepa! Mashavu yamejaa, yameng'aa, yanashuka kama ya mtoto wa chifu. Miguu nayo imejaa, viatu vya Januari havimwingii tena, nimempasulia kwa nyuma. Nikimbonyeza mguuni kidole kinazama kama kwenye unga uliokandwa. Na nywele, Elinipendo, zile ngumu za kina Njau zimekwisha, sasa ni laini, zimenyooka, zina rangi ya mahindi mabichi. Nimempeleka kanisani Jumapili nikamsimamisha mbele yangu ili Mama Calvin aone. Ameona. Alimtazama sana, akafungua mdomo aseme kitu, nikamgeuzia mgongo.

Ametulia pia, hana utundu. Hachezi matopeni na wenzake. Anakaa kizingitini siku nzima kama mtu mzima. Hata kulia halii.

Kwa hiyo ukija Desemba utaona mzee asiyejua jikoni alivyomlea mtoto. Njoo na kitambaa cha gauni, la zamani linambana tumboni.

Ni mimi ninayejua kulea,
Aminieli Njau

*

SIMU YA MAANDISHI
Nachingwea, 3 Januari 1998
HAIKA MGONJWA SANA MPELEKE HOSPITALI LEO ELINIPENDO

*

Nachingwea
3 Januari 1998

Baba yangu Aminieli,

Shikamoo. Shikamoo tena. Nimetoka posta sasa hivi kukupigia simu ya maandishi, na pale wanatoza kila neno, fedha niliyokuwa nayo ikaishia kwenye jina langu. Shikamoo haikuenea. Nakujua, baba, najua utaiangalia ile karatasi utaona mwanao amekuamrisha bila salamu. Ndiyo maana naandika saa hii hii. Salamu zote ambazo hazikuenea ziko hapa: shikamoo kwa goti lako, shikamoo kwa migomba yako iliyosimama, shikamoo kwa madarasa yako mawili. Ukitaka nitaandika ukurasa mzima. Ila mpeleke kwanza.

Barua yako ya Novemba imenifikia leo. Barabara ya kwenda Dar haipo, Rufiji imejaa mpaka kivuko kimesimamishwa, magari yamekaa matopeni wiki ya tatu. Likizo pia sikupewa. Shule imepunguza wafanyakazi, wapishi tumebaki wawili kwa wanafunzi wote, nikiondoka nafasi yangu imekwenda. Ningeondoka hivyo hivyo. Nilikwenda stendi na mfuko wangu. Hakuna gari.

Baba, huo siyo unene. Nilimsomea nesi yale ya mashavu na nywele, nilipofika kwenye mguu unaobonyea akaninyang'anya barua akaisoma mwenyewe. Ni maji hayo. Mwili usipopata cha kujengea unajaa maji. Nywele zinabadilika rangi kwa sababu mwili hauna cha kuzipa. Mtoto anatulia kwa sababu hana nguvu ya kulia. Inaitwa utapiamlo na inaua, na inaua watoto wenye mashavu kama hayo hayo unayoyasifia.

Mbonyeze mguuni kwa kidole gumba, halafu uondoe kidole. Kama shimo linabaki, usingoje kesho. Mpeleke hospitali ya Mawenzi. Kama njia imeharibika, mpe Mama Calvin, yeye ana mgongo na ana akili.

Nakulilia, baba. Sijawahi kukulilia tangu nikiwa mdogo.
Elinipendo

*

Kidia
18 Januari 1998

Elinipendo,

Salamu. Mwaka mpya umeingia na mvua ile ile.

Nimepata simu yako kutoka usharikani. Barua hakuna. Nimeisoma ile simu mara mbili, nikaigeuza nyuma nione kama kuna maneno mengine. Hakuna. Baba hakuna, shikamoo hakuna. "Mpeleke hospitali leo." Nimetumwa na watu wengi maishani, Wazungu wa misheni walinituma, wenye mizigo ya mlimani walinituma, lakini hata wao walisema habari za asubuhi. Mtoto niliyemzaa mimi ndiye wa kwanza kunituma kama mbwa.

Kwa hiyo sikwenda. Nangoja barua yenye adabu, ikija na salamu zake nitaijibu na nitafanya linalofaa.

Na huo ugonjwa umeuona ukiwa wapi? Haika ana mafua tu. Shule hajaenda wiki mbili, kwa sababu ya matope. Chakula anakikataa, ndizi nikimwekea anaisukuma, anasema "Babu, nimeshiba." Aliyeshiba ana njaa gani? Ngozi ya miguu inambanduka kidogo, kama ganda la mgomba linavyobanduka. Nimempaka mafuta. Nikimwita anageuka polepole sana.

Juzi mvua ilipokatika nilimtoa juani. Nilikaa naye. Nilimwambia ile habari ya gunia la kahawa, ambayo huwa anacheka pale ninapolitua Rau. Hakucheka.

Mimi siogopi. Nakuandikia tu ujue.

Leta barua.
Aminieli Njau

*

Mawenzi, Moshi
24 Februari 1998

Elinipendo,

Barua yako ya Januari ilinifikia Jumapili tarehe 15. Mwinjilisti aliniletea kabla ya ibada. Niliisoma kwenye benchi, wimbo wa kwanza ukiimbwa. Nikainuka nikatoka, watu wakanitazama, kwa kuwa mimi sijawahi kutoka kabla ya sadaka.

Nilimkuta alipokaa. Nikambonyeza na kidole gumba kama ulivyosema. Nikahesabu. Nilifika ishirini na shimo bado lipo, linaniangalia.

Nilikwenda kwenye ua nikakata jani la sale nikalifunga fundo. Unajua watu waliwahi kuniletea mimi sale kuniomba radhi, mara nyingi tu, nami nikawasamehe nikijinyoosha. Kulipeleka sikuwahi. Sikujua hata linashikwa mkono gani. Nikauvuka ule ua. Mama Calvin alikuwa anamenya maharage. Nikasimama mbele yake, maneno niliyoyapanga yakapotea, nikamnyooshea lile jani. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Angesema ningepata nafuu. Hakusema. Aliuliza tu, "Yuko wapi?" Akamwaga maharage chini, akachukua kanga.

Alimbeba mpaka barabara kubwa, matope yakimfika magotini. Mimi nilikuwa nyuma na goti langu. Nilimwambia nipe nimbebe na mimi kidogo. Akasema, "Shemeji, wewe beba mwavuli."

Sasa niandike yale uliyouliza. Ng'ombe alikufa Juni kwa kukosa majani. Mtori hakukuwa na mtori. Toka mama yako afariki nilikuwa namchemshia ndizi na chumvi, siku nyingine na maganda yake kwa kuwa kisu sikuzoea, na siku nyingine tukanywa mbege tukalala. Maharage nilijaribu mara moja yakawa mawe. Niliona aibu kuuliza yanapikwaje. Mtu mzima nimwulize nani?

Hapa wanampa maziwa, kidogo kidogo kwa kikombe, kila saa tatu, usiku na mchana. Alhamisi nilirudi nyumbani nikamwomba Mama Calvin anielekeze, nikapika mtori. Mimi. Kwa mikono yangu, kwenye mafiga ya mama yako, nikatia nyama na maziwa, sufuria nzima. Nikaibeba mpaka hapa. Nesi akafungua kifuniko akanusa akasema, "Mzee, mtori mzuri sana huu. Lakini ukimpa sasa utamuua. Tumbo lake haliwezi." Nikasimama nayo pale kwenye veranda mpaka ikapoa. Wakaila wagonjwa wengine.

Uvimbe umeanza kushuka. Wanasema ni dalili nzuri. Nilikuwa nangoja ushuke, na uliposhuka ndipo nikamwona. Chini ya yale mashavu niliyompelekea kanisani watu wayaone hapakuwa na kitu. Mfupa, na macho. Mkono wake nauzungushia kidole gumba na cha shahada mpaka juu ya kiwiko, na nafasi inabaki. Nimepima.

Daktari nikimwuliza kama atapona anasema, "Tuombe, mzee, wiki hii ndiyo yenyewe." Nimebeba magunia. Hapa hakuna cha kubeba. Nakaa kwenye benchi nje, wanawake ndio wanaoingia.

Ndani ya bahasha kuna kitu nimekuwekea. Nimelikata kwenye ua wetu, upande wetu. Likifika litakuwa limekauka. Sitaandika maana yake, unaijua.

Aminieli

*

Nachingwea
29 Machi 1998

Baba,

Barua yako imekaa zaidi ya mwezi njiani. Bahasha ilikuwa imelowa, ikaniganda mkononi. Sale lilikuwa ndani, limekunjika, fundo halikufunguka.

Ni barua ya kwanza umeniandikia bila salamu na bila kujisifu. Nilipoiona tu hivyo nilikaa chini kabla sijasoma.

Sina habari nyingine baada ya tarehe 24 Februari. Sijui ile wiki aliyoisema daktari ilikwishaje. Nimepiga simu ya maandishi mara mbili kwa usharika, hakuna jibu. Hapa jikoni naulizwa na wanafunzi kwa nini maharage yana chumvi nyingi.

Mimi nami niliyajua mengine, baba. Nilijua huwezi kupika. Nilijua siku ile ile ya mazishi, nikanyamaza kwa sababu sikuwa na pa kumlaza. Niliuliza anayepika ni nani mara mbili, hukujibu, sikuuliza mara ya tatu. Kwa hiyo hilo sale ungeweza pia kulidai kwangu.

Wanasema aliyeletewa sale hawezi kulikataa. Sijalikataa. Nimeliweka kwenye Biblia. Ila moyo haujalifikia bado, na sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha.

Kivuko kinasemekana kitafunguliwa wiki ijayo. Walisema hivyo na wiki iliyopita. Kazi nimeiacha leo asubuhi, mwiko nimeukabidhi. Nalala stendi pamoja na wanaongoja, mfuko wangu una dagaa na karanga. Kama Haika anakula, mwambie niko njiani. Kama hali, mwambie hivyo hivyo.

Utaona juu pale sikuandika shikamoo. Fedha haikupungua safari hii, na wala sikusahau. Nimeishika. Nitakupa mwenyewe mlangoni, nikishamwona Haika ameshika kijiko.

Elinipendo